Chumvi Ikolee Sawa: Vidokezo 12 vya Kuelewana na Seli Zako

Una mambo mengi leo, najua. Foleni, marejesho ya VICOBA, homework ya mtoto, na sufuria bado liko jikoni. Kwa hiyo tusizungushane. Mwili wako una matrilioni ya seli, na kila moja imefunikwa utando unaopitisha maji bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kinachoamua kama maji hayo yataingia, yatatoka au yatatulia ni vitu vilivyoyeyuka ndani na nje ya seli: chumvi, sukari, protini na jamaa zao. Pande zote mbili zikikolea sawa, seli inatulia. Myeyusho uliokolea sawa na seli ndio unaoitwa isotoniki. Ukiuelewa utaokoa mchicha wako, pua yako, pesa ya dripu, na siku moja pengine mtoto wa jirani. Twende!

1. Maji hufuata chumvi

Kanuni nzima ni hii, na inaenea kiganjani: maji huhamia upande uliokolea zaidi. Utando wa seli ni kama kifumbu cha kukamulia tui. Maji yanapita, machicha yanabaki. Chembe zisizoweza kupita zikijaa nje, maji ya ndani hutoka kuzifuata na seli husinyaa. Zikizidi ndani, maji ya nje huingia na seli huvimba. Zikilingana, maji huingia na kutoka kwa kasi ileile, umbo la seli halibadiliki, na hakuna anayelalamika. Mwendo huo ndio osmosisi uliyoikariri shuleni ukaisahau siku ya pili baada ya mtihani. Utando una hata vijilango maalumu vya maji, viitwavyo akwaporini, na ugunduzi wake ulimpa Mmarekani Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mbinu ya haraka: ukikutana na jambo lolote la maji na mwili, usianze kuuliza maji ni mengi kiasi gani. Uliza chumvi iko upande gani.

2. Kariri namba moja tu: 9

Gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji. Hiyo ndiyo asilimia 0.9 unayoiona hospitalini, na ndiyo inayolingana na seli zetu. Mwanafiziolojia wa Uholanzi, Hartog Jakob Hamburger, ndiye aliyetuelekeza huko mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa akiweka seli nyekundu za damu katika maji ya chumvi ya viwango mbalimbali, kisha anatazama zipi zinapasuka na zipi zinabaki nzima. Kazi ya subira, si ya watu wa haraka kama sisi.

Seli nyekundu zina uvumilivu wake, lakini. Punguza chumvi hadi karibu asilimia 0.45 ndipo zile dhaifu huanza kupasuka. Ikifika kama 0.3, zote zimekwisha. Maabara hutumia kipimo hicho kutambua baadhi ya magonjwa ya damu ya kurithi, kwa sababu seli zenye hitilafu hupasuka mapema kuliko nyingine. Jikoni kwako, kijiko cha chai cha chumvi laini kilichosawazishwa kwa kisu kina gramu 6 hivi. Basi kijiko kimoja na nusu katika lita moja kinakufikisha palepale. Ni maji ya kusuuzia, tafadhali, si ya kunywa wala ya kujichoma!

3. Mfanyie kiazi uchunguzi

Huamini? Kiazi hakisemi uongo. Kata vipande vitatu vya kiazi mbatata, urefu uleule, unene wa kidole kidogo. Weka maji robo lita katika kila glasi, glasi tatu. Ya kwanza iache hivyo hivyo. Ya pili tia theluthi ya kijiko cha chai cha chumvi. Ya tatu tia vijiko viwili vilivyojaa, ukoroge. Tumbukiza vipande vyako, nenda kapige pasi, rudi baada ya saa mbili.

Cha kwanza kitakuwa kimekakamaa, ukikipinda kinakatika. Cha tatu kimelegea na kufupika, unakikunja bila kuvunjika. Cha pili hakina habari kubwa, na hapo ndipo penye habari: umekaribia kiwango cha isotoniki cha kiazi hicho. Watoto wakipenda mchezo huu, wape yai bichi walilaze ndani ya siki siku mbili mpaka ganda liyeyuke. Likibaki na utando tu, liweke kwenye maji matupu livimbe, kisha kwenye sharubati nzito ya sukari lisinyae. Mtihani wa Biolojia umeisha hapo, na hakuna aliyefungua daftari.

4. Soma mfuko kabla ya kutundikiwa dripu

Wapo wanaofika zahanati na kusema, "Daktari, nitundikie dripu mbili, nimechoka." Hebu tupige hesabu. Mfuko wa normal saline wa mililita 500, ule ulioandikwa 0.9%, una maji na gramu 4.5 za chumvi. Basi. Hakuna nguvu humo, hakuna vitamini, hakuna damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, kwa hiyo mfuko mmoja umemaliza karibu mgao wako wote kabla hujagusa chipsi mayai. Kwa aliyepoteza damu, anayetapika bila kukoma au aliyelegezwa na kipindupindu, mfuko huo ni uhai. Kwa aliyechoshwa na daladala, ni chumvi ya bei mbaya.

Lakini kwa nini chumvi? Kwa nini wasitutundikie maji matupu yaliyochujwa hadi yakang'aa? Kwa sababu maji matupu yakiingia mshipani kwa wingi, yanajaa ndani ya seli nyekundu, zinavimba na kupasuka, na hemoglobini iliyomwagika inaweza kuharibu figo. Vile vichupa vidogo vya maji ya kuchanganyia sindano ni safi kabisa, na kwa sababu hiyohiyo havitundikwi peke yake.

Waliotutangulia walijifunza hili kwa mashaka. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Uskoti, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith aliwatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani. Baadhi ya waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa waliinuka na kuzungumza, ingawa maji yake yalikuwa na chumvi pungufu kuliko damu. Nusu karne baadaye, huko London, Sydney Ringer alikuwa akitafuta myeyusho wa kuufanya moyo wa chura uendelee kudunda nje ya mwili. Ukadunda vizuri sana. Kumbe msaidizi wake alikuwa ametumia maji ya bomba badala ya yaliyokenekwa! Ringer alipotumia yaliyokenekwa, moyo ukadhoofika na kusimama. Kalsiamu iliyokuwa katika maji ya bomba ndiyo iliyokuwa ikiusukuma. Katika miaka ya 1930 daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, akaongeza lakteti kwenye myeyusho wa Ringer, na leo unauona umeandikwa RL kwenye mfuko.

Kwa hiyo ukilazwa, au ukimuuguza mtu, uliza kwa heshima: "Sista, hii ni ya chumvi au ya sukari?" Hasa kama mgonjwa wako ana kisukari, presha au figo. Huulizi kwa ubishi. Hospitali nzuri inapenda maswali hayo.

5. Kulingana chupani si kulingana mwilini

Hapa ndipo hata wanafunzi wa uuguzi hukwaruzana kidogo, kwa hiyo ukielewa, jipongeze. Mfuko wa dextrose 5% ukiwa umening'inia pale juu, idadi ya chembe zake inakaribiana na ya damu, na ukiingia haupasui seli. Lakini sukari ile seli zinaila. Ikishaliwa, yanabaki maji matupu, nayo yanasambaa mpaka ndani ya seli. Ndiyo maana aliyeumia kichwa hapewi dripu hiyo ya kuongeza maji: ubongo ungevimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Na ndiyo maana haitumiki kumwinua mtu aliyeishiwa maji mshipani. Yangeondoka mshipani kabla hayajasaidia.

Urea ni mfano mkali zaidi. Tengeneza myeyusho wa urea wenye idadi ileile ya chembe kama damu, tia seli nyekundu, uone: zinapasuka mara moja. Urea haibaki nje. Inapenya utando, inaingia, na maji yanaifuata kama tulivyosema kwenye namba 1. Chembe zinazohesabika ni zile zinazoshindwa kuingia.

Na wanaotafuta nguvu kwenye dripu ya sukari? Nusu lita ina gramu 25 za sukari, kalori zisizofika 100. Kunywa uji wa ulezi, uende ukalale.

6. Suuza pua bila kulia

Ukipaliwa na maji ya bwawani, pua inawaka. Ukipigwa na wimbi la Bahari ya Hindi, inawaka vilevile. Maji ya bwawa ni mepesi mno, ya bahari yamekolea mno (gramu kama 35 za chumvi kwa lita), na seli za ndani ya pua hazipendi yoyote kati ya hayo. Maji yaliyokolea sawa yanapita bila purukushani, ndiyo maana wenye mafua sugu na mzio wa vumbi huyapenda.

Chemsha nusu lita ya maji mpaka yatokote hasa, yaache yabaki vuguvugu, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, kijiko kilichosawazishwa. Inama juu ya sinki, mimina taratibu tundu moja litokee jingine, pumulia mdomoni. Usiruke hatua ya kuchemsha hata kama maji yanaonekana masafi: wapo amiba wanaoishi kwenye maji yasiyotibiwa ambao mtu akiwanywa hawamdhuru, lakini wakiingia puani wanaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Ni nadra sana, ila kuchemsha ni dakika chache tu. Yaliyobaki kesho yake, mwaga.

Unavaa lenzi za machoni? Usizisuuze kwa maji ya bomba wala kwa maji haya ya jikoni. Nunua yale yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

7. Kimbia, lakini usijifurishe maji

Unajiandaa kwa mbio za Kilimanjaro kule Moshi? Hongera! Sasa sikia kitu ambacho wapiga kelele za "kunywa maji, kunywa maji" hawakuambii. Ukitoka jasho saa nne na kila kituo ukabugia chupa nzima ya maji matupu, damu yako inazimuka. Nje ya seli kunakuwa kwepesi kuliko ndani, maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo hazina pa kuvimbia. Kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na wenzako wanadhani ni kiu, wanakuongezea maji. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston mwaka 2002, na asilimia 13 kati yao sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imeshuka chini ya kawaida.

Dawa ni rahisi: kunywa ukisikia kiu, si kwa ratiba ya rafiki yako. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, ulizidisha. Na chumvi kidogo kwenye chakula baada ya mbio haina kosa.

Ila usinielewe vibaya ukaanza kukaa na kiu makusudi. Kama una selimundu, ndiyo kabisa usithubutu: seli nyekundu ikipoteza maji, hemoglobini iliyomo hubanana na seli hugeuka umbo la mundu kwa urahisi zaidi. Wewe chupa yako ya maji iwe karibu siku zote.

8. Vidole kujikunja bafuni? Siyo osmosisi

Ukifua nusu saa, ncha za vidole zinajikunja. Watu wengi husema ni ngozi imevimba kwa osmosisi. Siyo. Ni neva zinazoamuru mishipa ya damu ya vidole ibane. Aliyekatika neva ya kidole, kidole hicho hakijikunji hata akiloweka asubuhi nzima. Haya, una cha kuwashangaza nacho wenzako ofisini.

9. Chini ya miezi 6, maziwa ya mama yanatosha

Bibi atasema, "Mjukuu wangu ana kiu, mpe maji kidogo." Mheshimu bibi, lakini mpe mtoto ziwa. Maziwa ya mama yamekolea karibu sawa na damu ya mtoto, na zaidi ya asilimia 85 ni maji, hata kwenye joto la Tanga mwezi wa pili. Figo za kichanga bado hazijaimarika. Maji matupu yanaweza kuizimua sodiamu yake mpaka akapata degedege. Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo kwa ushauri wa daktari, pima kwa kijiko cha ndani ya kopo na usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Najua bei inauma. Mtoto anaumia zaidi.

10. Mchicha haupendi isotoniki

Tumeimba sifa za kulingana, sasa mmea unakuja kuharibu sherehe. Seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando, kwa hiyo haipasuki. Inachotaka ni maji mepesi yaingie, yaijaze, yaisukume ukutani. Hapo jani linasimama. Ukiiweka kwenye maji yaliyokolea sawa nayo, inanywea. Ukiiweka kwenye maji ya chumvi kali, utando unabanduka ukutani na jani linakufa.

Mchicha ulionyauka tangu saa tano sokoni? Uzamishe mzima ndani ya maji baridi matupu kwa nusu saa. Utashangaa. Kachumbari ya wageni? Chumvi tia mwishoni, wageni wakiwa wamekwisha kunawa, la sivyo nyanya na tango vitatoa maji mpaka igeuke mchuzi. Kitunguu kinachokuuma macho na ulimi? Hapo chumvi ni rafiki: kisugue nayo, kiache kidogo kitoe maji makali, kikamue na kukisuuza. Chumvi ileile, nyakati mbili tofauti, na mama mkwe atakusifu kwa zote mbili.

Shambani kanuni ni hiyohiyo. Wakulima husema mbolea "imeunguza" mahindi. Hakuna moto pale. Mbolea nyingi imeyeyuka kwenye udongo, udongo umekolea kuliko mizizi, na mizizi badala ya kunywa inanyonywa. Weka mbolea mbali kidogo na shina, kwenye udongo wenye unyevu, na kama umeshazidisha, mwagilia maji mengi haraka yaishushe chini.

11. Mwonje pweza kabla ya kutia chumvi

Sokoni Feri kuna darasa zima la osmosisi, na linanukia. Pweza aliamua kutopigana na bahari: maji ya mwili wake yamekolea sawa na ya baharini, yaani yeye na bahari ni isotoniki. Ndiyo maana nyama yake ina chumvi yake tayari. Chemsha supu ya pweza bila chumvi, onja mwishoni, ndipo uamue. Wengi mngegundua haihitaji.

Papa naye amelingana na bahari, ila kwa ujanja mwingine. Badala ya kujijaza chumvi tupu, anaiweka urea kwa wingi kwenye damu na nyama. Akishavuliwa, bakteria huigeuza urea hiyo kuwa amonia, na hapo ndipo inapotoka ile harufu inayowafanya majirani wafunge madirisha. Loweka nyama kwenye maji yenye ndimu au siki, mwaga, suuza, kisha pika.

Sato wa Ziwa Viktoria yuko kinyume kabisa. Yeye amekolea kuliko ziwa, kwa hiyo maji yanamwingia usiku na mchana kupitia matamvua. Hana haja ya kunywa, na kazi yake kubwa ni kukojoa. Maisha hayo.

12. Changanya ORS kwa lita, si kwa macho

Hiki nilikiweka akiba kwa sababu ndicho kinachookoa watu wengi zaidi, na ndicho kinachokosewa sana majumbani. Pakiti ya kawaida ya ORS, ule unga wa kumrudishia maji anayehara, ina gramu 20.5: chumvi ya kawaida 2.6, sukari ya glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati 2.9. Inataka lita 1 ya maji safi. Lita nzima! Siyo kikombe, siyo glasi, siyo "mpaka ladha ikolee". Ukimimina pakiti yote kwenye glasi ya maji, umetengeneza myeyusho uliokolea kuliko damu mara kadhaa. Ukifika kwenye utumbo wa mtoto, badala ya maji kwenda mwilini, yanatoka mwilini kuja kwenye utumbo. Kuhara kunazidi, na wewe unalaumu dawa.

Jambo hilohilo linatokea ukimwongezea sukari ili apende. Na soda? Soda ina gramu kama 10 za sukari katika kila mililita 100, na chumvi yake ni ya kuhesabu. Kwa anayehara inavuta maji kulekule kusikotakiwa. Juisi ya dukani ni hivyo hivyo. Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo yabaki ya kujiburudisha baada ya mpira.

Kwa nini sukari iwemo basi? Utumbo una mlango mmoja unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na mlango huo unaendelea kufanya kazi hata kipindupindu kikiwa kimevuruga vingine vyote. Glukosi inaiingiza chumvi, chumvi inayavuta maji. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojazana katika mji wa Bangaon nchini India na kipindupindu kikalipuka, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha watu myeyusho wa chumvi na glukosi, ukigawiwa na ndugu zao wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikifika karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, Shirika la Afya Duniani limepunguza ukolevu wa ORS. Ya zamani ilikuwa na kipimo cha 311 (miliosmoli kwa lita), ya sasa ni 245, kidogo chini ya damu ambayo huwa kati ya 275 na 295. Wepesi huo mdogo ni wa makusudi: maji yanaingia mwilini kwa urahisi zaidi, na watoto wanatapika na kuhara kidogo kuliko kwa ile ya awali.

Mbinu yako ya leo: chukua chupa mbili za maji za nusu lita, zioshe, ziweke kabatini pamoja na pakiti mbili tatu za ORS. Siku ya shida hutahangaika kutafuta kipimo. Soma pakiti kwanza, kwani nyingine hutengenezwa kwa maji pungufu ya lita. Iliyochanganywa itumike ndani ya saa 24, kisha mwaga. Pakiti zimekosekana na ni usiku wa manane? Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe. Usibadilishe vipimo hivyo, nakuomba! Mpe mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo, na akitapika subiri dakika 10 uendelee polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Uliza pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Na ukimwona macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, hajakojoa kwa saa nyingi au kinyesi kina damu, usingoje kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, na chupa yako ya ORS uibebe, umnyweshe njiani kama bado anaweza kumeza.